Kilo Tisini na Moja

Shati la sare lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya mwanamume mwenye kitambi. Chiriku alipolivaa, mabega yake yalimshuka hadi karibu na viwiko na pindo likamfika magotini. Alisimama katikati ya sebule, mikono ameiachia, akasubiri watu waanze kucheka. Aliyeanza ni Shangazi.

"Hilo si shati," Shangazi alisema kutoka kwenye kochi. "Hilo ni hema. Mtalala humo wewe na abiria wako wote."

"Wanasema ndilo lililokuwa stoo. Hawajawahi kuajiri rubani mwanamke."

"Basi kesho watajua kwamba wanawake nao wana mabega."

Mama hakucheka. Alikuwa na pini nne mdomoni na futi ya kupimia shingoni, na alipokuwa na pini mdomoni hakuna aliyetarajia neno kutoka kwake. Alimzunguka binti yake mara mbili, akabana hapa, akakunja pale, akamwashiria alivue. Kisha alikaa kwenye cherehani lake kando ya dirisha, na kwa dakika kumi sebule nzima ikawa mlio wa sindano. Mtaa mzima ulimletea nguo za harusi, za shule, za mazishi. Leo mteja alikuwa wa nyumbani, na Mama alishona taratibu kuliko siku zote.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Kwa wiki tano Chiriku alikuwa amerusha ndege ya kampuni huku Rubani Mkuu ameketi kiti cha pembeni, mikono ameifunga kifuani, akimtazama kama mtihani. Ijumaa yule bwana alimaliza kujaza fomu, akamrushia mfuko wa nailoni wenye sare, akasema neno moja: "Jumatatu." Maana yake ni kwamba Jumatatu kile kiti cha pembeni angekaa abiria, na rubani angekuwa yeye peke yake. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, injini moja, viti sita pamoja na cha rubani. Lakini Chiriku alitembea kutoka kazini hadi nyumbani bila kukumbuka barabara aliyopita.

Jina la Chiriku, ndege mdogo asiyenyamaza, alipewa utotoni kwa sababu ya mdomo wake, si kwa sababu ya mbawa. Aliongea tangu anaamka hadi analala. Leo kila jirani aliyepita dirishani alitania kuhusu mbawa, kana kwamba utani huo ameubuni yeye.

Baba alikuwa kwenye meza ya kulia, akipiga pasi suruali ya suti yake ya pekee. Alikuwa ameendesha malori mpaka magoti yalipokataa, na madereva wenzake walimwita Breki, kwa kuwa hapakuwa na mteremko alioukabili bila kupunguza mwendo kwanza. Kampuni ilimpa kila mfanyakazi tiketi moja kwa mwaka kwa ajili ya jamaa yake, kwa robo ya nauli. Breki aliposikia habari hiyo, hakuuliza kama kuna mwingine anayeitaka.

"Mwinuko ule wa kwenda kule kijijini milimani," alisema huku pasi ikitoa mvuke, "nimeupanda kwa gia ya kwanza, injini inalia kama mbuzi. Kesho naupita kwa juu nimekunja nne."

"Na ukiogopa?" Shangazi alimchokoza.

"Nimeendesha magari yasiyo na breki, yasiyo na taa, moja lisilo na mlango. Nimwogope mwanangu?"

Mama alizitoa pini mdomoni. "Dawa zako za presha umeziweka kwenye begi?"

"Nimeziweka."

"Simu?"

"Kila kitu kimo kwenye begi, Mama Chiriku. Naenda na kurudi, siendi kuhamia."

Mama alikata uzi kwa meno, akalikung'uta shati na kumkabidhi binti yake. Chiriku alilivaa. Mabega yalikaa kwenye mabega na kola ikakaa kwenye shingo. Shangazi alifungua mdomo atie neno, halafu akajikuta anafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mdudu kaniingia," alisema.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa chumba kimoja chenye bati, kando ya kiwanja cha ndege. Katikati ya chumba palikuwa na mizani kubwa, kama ile ya kupimia magunia, na hakuna aliyepanda ndege bila kupanda mizani kwanza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Breki alisimama mbele yake na suti yake, begi mkononi, akiitazama kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

"Viatu vinahesabiwa?" alimuuliza karani.

"Kila kitu, mzee."

"Na koti?"

"Utaliacha hapa?"

"Hapana."

"Basi nalo linahesabiwa."

Breki aliliweka begi chini, akapanda, akavuta pumzi kana kwamba hewa ina uzito. Karani alisoma kwa sauti iliyofika hadi nje: "Tisini na moja!" Mtu mmoja kwenye benchi aliguna. Breki alishuka akiwa amevimba kidogo, akamnong'oneza binti yake, "Ni hii suti. Kitambaa chake ni kizito."

Chiriku aliiandika namba ile kwenye karatasi yake bila kutabasamu, ingawa moyoni alikuwa anacheka. Alikuwa ameizunguka ndege mara mbili tayari, amegusa kila kilichotakiwa kuguswa, amechungulia mafuta kwenye matangi, ameyachota kidogo kwenye kichupa na kuyainua juani kuona kama yana maji. Rubani Mkuu alikuja mpaka mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Kule juu hakuna wa kumuuliza," alimwambia. "Kuna kitabu cha ndege, na kuna kichwa chako. Vikikubaliana, ruka. Visipokubaliana, kaa chini. Matusi ya abiria, hata mia, hayajawahi kumwua rubani."

"Nimekuelewa, Kapteni."

"Wewe pia ni Kapteni leo," alisema yule bwana, akarudi ndani na chai yake.

Abiria wa kwenda walikuwa watatu. Breki alipewa kiti cha mbele, pembeni ya binti yake, na alipofungiwa mkanda aliikunja mikono mapajani asije akagusa kitu. Injini ilishika. Mnara wa kuongozea ndege ulimjibu Chiriku redioni, wakampa ruhusa, akasukuma mkono wa mafuta hadi mwisho, na kiwanja kikaanza kukimbilia nyuma. Alikuwa amefanya hivi mamia ya mara. Lakini mara zote hizo palikuwa na mtu wa kumwambia basi. Sasa magurudumu yaliacha ardhi, ule mtetemo ukakatika ghafla, na hapakuwa na wa kumwambia lolote. Mabati ya mji yalishuka chini yao, yakawa madogo, yakang'aa. Alitaka kupiga kelele. Badala yake alisoma saa za kwenye dashibodi moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa, huku meno yote yako nje.

"Mbona unacheka?" Breki alimuuliza kwenye vile vipokea sauti vya masikioni.

"Sicheki, Baba. Naendesha."

"Basi endesha hivyohivyo," Breki alisema, na yeye alikuwa anacheka.

*

Kiwanja cha kule juu kilikuwa kipande cha nyasi kilichokwanguliwa begani mwa mlima. Mwisho mmoja kuna ukuta wa mlima, mwisho wa pili kuna korongo. Kutua walitua vizuri, hata mabawa hayakuyumba. Abiria walishuka, Breki akawapa mikono mmoja mmoja kama baba wa bibi harusi, akiwaambia wote, hata walioona kwa macho yao, "Huyo ni mwanangu."

Ratiba ilikuwa kuondoka saa tano. Abiria wa kurudi walikuwa Breki mwenyewe, mwalimu mstaafu aliyekuwa anakwenda mjini kufanyiwa kipimo cha macho, na mfanyabiashara mwenye gunia la maharage la kilo arobaini. Chiriku alipima kila mtu na kila kitu, hata begi la baba yake la kilo mbili, akajumlisha. Kilo mia mbili themanini na saba. Kiwanja kile, kwa joto la saa ile, kitabu kilimruhusu mia mbili na tisini. Alilibeba gunia yeye mwenyewe na kuanza kulisukuma nyuma ya viti.

"Wewe binti," mfanyabiashara alisema akiangalia saa, "ukimaliza kupakia, kamwite rubani. Tunachelewa."

Breki alimjibu kabla Chiriku hajageuka. "Rubani ndiye huyo anayebeba maharage yako."

Mfanyabiashara alimtazama Chiriku juu hadi chini. "Huyu?"

"Huyu. Ukitaka, libebe mwenyewe."

Mwalimu mstaafu alicheka hadi akashika miwani yake. Chiriku naye alikuwa anacheka wakati gari la zahanati lilipotokea kwenye kona ya mlima, likija kwa kasi isiyofaa kwa barabara ile, honi imebanwa moja kwa moja. Lilisimama karibu na bawa. Muuguzi aliruka kabla halijatulia.

"Rubani nani?"

"Mimi."

Muuguzi hakushangaa. Hakuwa na muda huo. "Nina mama yuko kwenye uchungu tangu juzi. Mtoto amekaa vibaya, mapigo yake yanashuka. Anahitaji upasuaji. Kwa gari ni siku mbili. Nikisema siku mbili unanielewa?"

Chiriku alichungulia nyuma ya gari. Mwanamke alikuwa amelala ubavu, ameishika kamba ya turubai kwa mikono yote miwili, macho wazi. Hakulia. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri kuambiwa bei.

"Una kilo ngapi, dada?" Chiriku aliuliza, na akalionea haya swali lenyewe.

"Sitini na nane," muuguzi alijibu. "Nilimpima asubuhi. Mimi sitini na moja, na mkoba wangu. Siwezi kumwacha njiani."

Chiriku alipiga goti kwenye nyasi na karatasi yake. Mia mbili themanini na saba, ongeza mia na ishirini na tisa. Mia nne kumi na sita. Akaandika upya. Mia nne kumi na sita. Mafuta hayapunguziki, yalikuwa ya kufika na ya akiba tu. Alisimama, akalivuta gunia la maharage na kulishusha kwenye nyasi.

"He!" mfanyabiashara alipaza sauti. "Hiyo mali ya watu! Nimelilipia hilo!"

"Litakuja Alhamisi."

"Nitampigia mwenye kampuni!"

"Mpigie. Namba yake iko kwenye tiketi."

Sasa zilibaki mia tatu sabini na sita. Bado themanini na sita zilizidi. Chiriku aliitazama karatasi. Mwalimu alikuwa na sabini na nane, akimshusha hazitoshi. Mfanyabiashara sabini na sita, hazitoshi. Wala hakuhitaji hesabu, kwani sheria ya kampuni ilikuwa imeandikwa nyuma ya kila tiketi ya jamaa: nafasi ikipungua, mwenye tiketi hii hushuka kwanza. Hesabu na sheria zilikuwa zimekutana kwa mtu mmoja, naye alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amejifungia mkanda mwenyewe, anamweleza mwalimu kupitia dirishani kazi ya kila saa kwenye dashibodi.

Alimwendea.

"Baba."

"Naam, Kapteni."

"Baba, naomba ushuke."

Breki alitabasamu. "Unanipima tena?"

"Hapana. Ndege haitabeba wote. Uzito umezidi kwa kilo themanini na sita."

Tabasamu lilikaa usoni mwake muda kidogo, kama mgeni asiyejua kama aondoke. Aliangalia mbele, akaangalia nyuma kwa mfanyabiashara.

"Na huyu?"

"Akishuka yeye haitoshi."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe, Baba."

Watu wote walisikia. Watoto wa kijijini waliokuja kutazama ndege walisikia, mwalimu alisikia, mfanyabiashara alisikia na akageuza uso ili kicheko chake kisionekane. Breki aliufungua mkanda. Kifungo kilimsumbua, Chiriku akanyoosha mkono kumsaidia, naye akauondoa mkono ule kwa upole. Alishuka kwa goti lile bovu, akasimama kwenye nyasi na suti yake, hana hata mahali pa kuweka mikono.

"Ndege nyingine Alhamisi," Chiriku alisema. "Mwambie msaidizi wa huyu muuguzi kule zahanati akupe pa kulala. Baba, mimi—"

"Huyo mama anaumwa," Breki alisema bila kumwangalia. "Usimcheleweshe."

Walimlaza mwanamke nyuma, viti viwili vikiwa vimekunjwa. Chiriku alirudi mwanzo kabisa wa kiwanja, karibu na ukuta wa mlima, hadi mkia ukagusa majani. Alikanyaga breki, akaipa injini nguvu zote mpaka ndege nzima ikawa inatetemeka, ndipo akaachia. Nyasi zilianza kupita. Zilipita polepole mno. Alisubiri mwendo wa kuruka huku korongo linamjia, na hakuvuta usukani mapema ingawa kila mfupa ulitaka avute. Kisha magurudumu yakawa mepesi. Ardhi ikaisha, na chini yao pakawa na hewa tupu ya korongo, kijani na bluu, na ndege ikapanda.

Muuguzi alikuwa anasali kwa sauti. Mwanamke alikuwa ameshika kola ya shati la Chiriku kwa nyuma, hakuiachia mpaka walipotua.

*

Gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri kiwanjani, na dakika tatu baada ya injini kuzimwa lilikuwa limeondoka. Chiriku alibaki ameegemea bawa, moyo unamdunda kwa furaha ambayo hakuwahi kuijua. Rubani Mkuu alikuja na kikombe. Safari hii vilikuwa viwili. Alichukua karatasi ya uzito, akaisoma yote, akafika mahali palipoandikwa *baba, 91*, kisha pakakatwa kwa mstari.

"Mwenye kampuni amepigiwa simu," alisema. "Habari za maharage."

"Amesemaje?"

"Ameniuliza kama hesabu ni sahihi. Nikamwambia nitaziangalia." Aliikunja karatasi. "Ni sahihi."

Chiriku alikunywa chai. Ilikuwa tamu sana. Ndipo alipoingiza mkono chini ya kiti cha nyuma kutoa taka za safari, akashika kitu laini chenye mkanda. Lilikuwa begi la baba yake. Ndani, simu imezimwa, na pembeni yake kile kichupa cha dawa za presha, kimejaa.

Alikimbia na begi mkononi mpaka kwa Rubani Mkuu. Yule bwana aliangalia milima. Mawingu ya mchana yalikuwa yameshaifunika yote, kama kila siku saa hizo. Siku hiyo ndege isingeweza kurudi kule.

*

"Umemwacha," Mama alisema.

"Mama, kulikuwa na mgonjwa."

"Nimesikia kulikuwa na mgonjwa. Na baba yako ni mzima? Hizi hapa dawa zake." Alikuwa ameviweka kichupa na simu juu ya meza ya cherehani, kando kwa kando, kama ushahidi. "Umetoka hapa na baba, umerudi na begi."

Shangazi alikuwa kwenye simu na ndugu. Kila baada ya dakika chache alikuwa anaanza upya: "Ndiyo, kamshusha. Kwenye ndege. Hapana, ilikuwa chini bado! Wewe nawe, angemshushaje ikiwa juu?"

Chiriku alikuwa amepiga simu kwa muuguzi, muuguzi akampigia msaidizi wake kule zahanati, na jibu likarudi kwa mzunguko uleule: mzee mwenye suti hayupo. Alikaa kiwanjani kama saa nzima baada ya ndege kuondoka, akizungukazunguka peke yake. Halafu likapita lori la mbao, akalisimamisha, akaongea na dereva, akapanda.

"Lori!" Mama alishika kichwa. "Siku mbili kwenye lori, na presha, na goti!"

"Madereva watamtunza. Wanamjua."

"Wewe ndiye ulitakiwa umtunze. Madereva si wanawe."

Chiriku alienda kukaa kwenye ngazi ya nyuma na sare yake. Shangazi alimfuata baadaye, akakaa pembeni yake, akampa kikombe cha maji.

"Huyo mgonjwa vipi?"

"Wamemfanyia upasuaji. Muuguzi kanitumia ujumbe. Wote wawili wazima. Ni msichana."

"Umemwambia mama yako?"

"Hanisemeshi."

Shangazi aliyazungusha maji yaliyobaki kikombeni. "Na ungemchukua kaka yangu, ukamwacha yule mwanamke?"

"Angekufa, Shangazi."

"Na ungewachukua wote?"

Chiriku alitazama mikono yake. "Sijui. Kitabu kinasema hapana."

Jumanne alirusha safari mbili za karibu, za nusu saa nusu saa, na abiria mmoja akamwambia ametua kama anaweka yai. Furaha ilimjia, akaisikia imekwama mahali fulani kifuani, haipiti. Nyumbani Mama alimwekea chakula, akampigia pasi shati, akamfungia mlango alipotoka. Neno hakumpa.

*

Jumatano saa mbili asubuhi lori la mbao lilisimama mbele ya nyumba. Lilizuia mtaa mzima, magari yakaanza kupiga honi nyuma yake, na dereva akawa anawapungia mkono kwa dharau. Mlango wa upande wa pili ulifunguliwa na Breki akashuka kinyumenyume, mguu mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na vumbi jekundu kuanzia suti hadi kwenye nyusi. Miguu imevimba, viatu amevining'iniza shingoni kwa kamba zake.

Mama alimfikia wa kwanza, na kichupa cha dawa mkononi. Alimmezesha vidonge viwili pale pale barabarani kabla hata ya kumsalimia. Kisha akamgusa shingo, mabega, kifua, kama anayempima nguo.

"Niko salama, Mama Chiriku. Nilipata kizunguzungu kidogo jana tu. Dereva akanipa maji."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na sare, safari yake ilikuwa saa nne. "Shikamoo, Baba."

Breki alikaa kwenye ngazi ya mbele, akaomba maji, akanywa yote. Majirani walikuwa wameshatoka.

"Nilikukasirikia," alisema hatimaye. "Nisikufiche. Ulinishusha mbele ya yule mtu wa maharage. Nilikaa pale kwenye nyasi nikaapa sitakusemesha mpaka nizikwe."

"Baba, nisamehe."

"Ngoja. Sijamaliza." Alifuta mdomo. "Nikakutazama unaondoka. Mimi ni dereva, mambo haya nayajua kwa macho. Nikaona pale magurudumu yako yalipoacha ardhi. Palikuwa na jiwe jeupe pembeni. Ulipopotea mawinguni nikaenda nikasimama penye lile jiwe, nikaanza kutembea kwenda korongoni. Nikahesabu hatua. Nikafika mwisho, nikaona nimekosea. Nikarudi, nikahesabu tena."

"Ngapi?" Shangazi aliuliza.

Breki aliinuka kwa kushika nguzo, akaweka kisigino kwenye ngazi ya mlango, na peku vilevile akaanza kutembea. "Moja. Mbili. Tatu." Alipita mbele ya dirisha la cherehani. "Kumi na moja. Kumi na mbili." Akatoka getini, watu wakampisha. Alilipita lori, dereva akiwa ametoa kichwa dirishani. Akapita kwa muuza mkaa. Akapita kwa kinyozi.

"Unapima kiwanja, Breki?" kinyozi alimwuliza.

"Napima kazi ya mwanangu! Ishirini na tisa. Thelathini."

Alisimama kwenye mtaro, upande wa pili wa duka la kinyozi. Aligeuka, akainua mikono yote miwili juu ili waliokuwa mlangoni wamwone.

"Thelathini na nane!" alipaza sauti. "Hapa ndipo mwisho! Mbele yangu ni korongo!"

Honi zilikoma. Kutoka pale mlangoni hadi alipokuwa Breki, Chiriku aliweza kuhesabu vifungo vya koti lake. Mama alitazama ule umbali. Aliutazama kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia, kama mtu anayepima kitambaa ambacho hakitoshi. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti.

"Na ulikuwa huna baba yako," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa binti yake tangu Jumatatu. "Ulikuwa huna baba yako, wala maharage, na zikabaki hatua hizo tu."

"Ndiyo, Mama."

Mama alimshika mkono kwa nguvu, juu kidogo ya kiwiko, mpaka shati likakunjamana. Hakumwachia. Kule mbele Breki alikuwa bado ameinua mikono, akimsubiri mtu yeyote amwambie kwamba ameona.

"Tumekuona!" Mama alimpigia kelele, machozi yanamtoka, na sauti yake ikapita juu ya lori. "Rudi ndani, Breki! Mwanao ana safari saa nne!"